Mzunguko Ambao Sikuuona

Mimi ni fundi wa breki, na kwa miaka ishirini nilikuwa macho ya dada yangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Hata kama ningetaka kujisifu, yaliyotokea mwaka wa kumi na nane yameninyima haki hiyo. Kila mwaka, siku ya mbio za saa sita, tulikaa mahali pale pale, kwenye kona ya mwisho kabla ya mstari wa kumalizia, mimi nikitaja namba za magari yanayopita, yeye akiziandika. Tulianza saa mbili asubuhi tukamaliza saa nane mchana. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa.

Watu huniuliza kuna raha gani kukodolea macho magari yanayozunguka pale pale. Wengi wao ni mashabiki wa yale magari ya kiti kimoja, magurudumu nje, ambayo hayafanani na kitu chochote ulichowahi kupanda. Mimi hayo hayanisisimui hata kidogo. Ninayoyapenda ni magari ya dukani, yenye milango minne na buti, yale yale ambayo jirani yako huyapakia magodoro anapohama. Sheria za mbio zetu ni kali: injini ile ile ambayo gari lilikuja nayo, gia zile zile, breki za aina inayouzwa kwa kila mtu. Unaruhusiwa kung'oa viti vya nyuma, kufunga vyuma vya kumlinda dereva na kubadili matairi, basi. Kwa hiyo gari likipita mbele yangu, ugonjwa wake naujua. Najua aina ipi hupandisha joto ikibanwa kwenye msafara na ipi huchoka breki za nyuma kabla ya za mbele. Nimezifungua kwa mikono hii hii, nikala vumbi lake. Sasa lione gari kama hilo linakuja konani kwa kasi ambayo aliyeliuza hakuiota, dereva anangoja, anangoja, moyo wako unakuja kooni, ndipo anakanyaga. Nimejaribu kumweleza mke wangu mara nyingi. Husikiliza kwa adabu, kisha huniuliza kama nimekula.

Kisha kuna huo urefu wa saa sita. Katika mbio fupi anashinda mwenye papara. Katika saa sita anashinda anayelionea huruma gari lake, anayejua kwamba breki akizimaliza saa ya kwanza, saa ya tano atazililia. Hapo gari kongwe la mtu mwenye akili linaweza kulitoa jasho gari jipya la mtu mwenye pesa, na mimi nitasafiri siku nzima kwenda kuona jambo hilo.

Dada yangu alilipenda kwa njia yake. Yeye ni karani wa shule, mwandiko wake umenyooka, na tangu utotoni hakuvumilia kitu kisichohesabiwa. Uwanjani wote walimwita Karani. Alikuwa na daftari refu, analipiga mistari mwenyewe kwa rula wiki kadhaa kabla ya mbio: kila gari na safu yake, kila mzunguko na kijumba chake. Kanuni yetu ilikuwa moja. Gari nikiliona, nasema namba. Nisipoliona, nasema "sijaona," na yeye anachora duara kwenye kijumba, kumaanisha hapo hatujui.

Mwaka wa kwanza daftari lilijaa maduara hata tukacheka. Mwaka baada ya mwaka yakapungua. Mashabiki wakaanza kuja kwetu kuuliza nani anaongoza, badala ya kusikiliza kipaza sauti kilichokwaruza. Wasimamizi wa mbio nao walikuja wakati mwingine, kwa aibu kidogo, kulinganisha. Mwaka wa kumi na saba tulimaliza na maduara mawili tu, na Dada, ambaye hasifu mtu ovyo, aliniambia kwamba jicho langu halina mfano. Ningekuwa na busara ningeogopa sifa hiyo. Nilichofanya ni kuweka nia moyoni kwamba mwaka unaofuata hakutakuwa na duara hata moja.

Sasa nimtaje mtu niliyemkosea. Tulimwita Taratibu. Alikuwa dereva wa teksi, mtu wa makamo aliyeanza kuota mvi, na jina hilo alipewa na abiria wake kwa sababu mjini alikuwa akiendesha kama amebeba mayai. Teksi hiyo hiyo ndiyo aliyoingiza mashindanoni. Ijumaa alikuwa akiteremsha kibao cha teksi juu ya paa, anang'oa viti vya nyuma, anabandika namba arobaini na moja mlangoni. Jumatatu viti vilirudi na abiria wakaketi. Dereva mwenzake, kwa maana saa sita huendeshwa na watu wawili, alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Alimpenda yule mkwe kama aliyemzaa, na alikuwa akimfokea vivyo hivyo.

Mwaka huo zawadi ya daraja la magari madogo haikuwa kikombe tu. Mshindi angesafirishwa, yeye na gari lake, kwenda kushindana nchi nyingine katika mbio za saa kumi na mbili. Taratibu alikuwa na miaka hamsini na minane. Asubuhi ile alipita kwetu kutusalimia, akamwambia Dada kwamba daktari ameshaanza kumsumbua kuhusu macho, na kama si mwaka huu basi tena. Alisema akicheka. Dada akamjibu kwamba aendeshe tu, yeye ataandika.

Alivyoendesha! Hapo ndipo penye msiba wangu. Zilikuwa zimepita saa tano na robo za mbio, na mimi sikuwa nimesema "sijaona" hata mara moja. Taratibu mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Akaja konani nyuma ya magari mawili makubwa kuliko lake, yakiwa sambamba, yamefunga njia. Mtu yeyote angekaa nyuma yao. Yeye alijitupa upande wa ndani kabisa wa kona, akachelewesha breki mpaka mimi fundi nikasema mzee amekwisha, kisha lile gari likainama, gurudumu la nyuma likanyanyuka, likayapita yote mawili na kunyooka kama halijafanya kitu. Nikajikuta nimesimama. Nililifuata kwa macho mpaka mwisho wa mstari, nikiangalia mgongo wa teksi. Nyuma yangu lilipita kundi zima la magari, manane au tisa.

Niligeuka nikawahi ya mwisho mwisho. Nikataja niliyoyaona, na mengine nikayadaka kwa mbali kutokana na rangi. Dada akaandika.

"Ishirini na saba?" akauliza. Lilikuwa gari la vijana wa duka moja la vipuri, la daraja lile lile la Taratibu, na kwa hesabu yake lilipaswa kuwa ndani ya kundi lile.

Ningesema sijaona. Ni neno moja. Angechora duara moja dogo na dunia ingeendelea.

"Limepita," nikasema.

Hakuinua kichwa. Akaandika.

Hatukujua kwamba dakika zile zile jenereta ya wasimamizi ilikuwa imezimika, na mashine yao ya kuhesabu ilikaa bure kwa dakika kumi na tisa. Walikuwa na watu wawili wa akiba wanaohesabu kwa kalamu, lakini saa nane, mbio zilipokwisha, karatasi za watu hao ziligongana. Moja ilisema ishirini na saba limekamilisha mzunguko ule, nyingine ilisema hapana. Kama mzunguko haukuwepo, Taratibu ameshinda daraja lake kwa mzunguko mzima. Kama ulikuwepo, wako sawa, na ishirini na saba ndilo lililotangulia kuvuka mstari.

Msimamizi mkuu alikuja mwenyewe, kofia mkononi, Taratibu na vijana wa duka wakimfuata. Akamwomba Dada afungue daftari. Dada akafungua, akapitisha kidole kwenye safu, akakisimamisha kwenye kijumba. Kilikuwa na alama ya wino, safi. Msimamizi akauliza kama ana hakika.

"Mdogo wangu akisema limepita, limepita," akasema Dada. "Angekuwa hakuliona angesema."

Wote wakanitazama. Moyoni nilikuwa nikijiambia kwamba huenda lilipita kweli, kwa nini lisipite, mbona mara zote lilikuwa likipita. Nikatikisa kichwa kukubali. Taratibu aliliangalia daftari kwa muda, akasema kama limesema Karani basi hana neno, akampa Dada mkono na kumshukuru kwa kazi yake. Sijawahi kuona shukrani iliyoniuma kama ile, na haikuwa hata yangu.

Vijana wa duka walisafiri, na huko gari lao likaharibika saa ya pili. Mwaka uliofuata daktari alimnyima Taratibu cheti cha mbio, na baadaye kidogo hata leseni ya teksi. Akapata kazi ya kupanga foleni ya teksi za wenzake stendi. Kila nilipomwona pale nilikuwa nikivuka barabara ili tusikutane.

Ilipita miaka mitatu. Siku moja gereji kwangu akaja mmoja wa vijana wale wa gari namba ishirini na saba, amenenepa, ana gari la familia linalolia breki. Nikiwa chini ya gari lake, akaanza hadithi za mbio, na akacheka peke yake alipofika mwaka ule. Akasema waya wa betri ulichomoka akiwa nyuma ya kilima, akashuka, akafungua boneti, akauchomeka, akapoteza kama dakika mbili, karibu mzunguko mzima. Mshika bendera wa pale alikuwa ameenda kujisaidia, hakuna aliyemwona. Waliposikia mzunguko wao umehesabiwa walitazamana wakanyamaza. Kisha akauliza kama pedi za mbele nazo zimekwisha.

Nilibaki chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Mpaka siku hiyo nilikuwa na lile "huenda" la kujifichia. Sasa sikuwa nalo.

Jumapili nikaenda kwa Dada. Alikuwa mezani sebuleni akipiga mistari daftari la mwaka huo, rula mkono mmoja, penseli mwingine. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, nikamweleza yote, tangu gurudumu la teksi lilivyonyanyuka mpaka waya wa betri. Sikujitetea sana. Nilitegemea atanigombeza, na kwa kweli nilikuwa nautaka ugomvi huo. Hakunigombeza. Aliweka rula chini.

"Mingine mingapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna mwingine, ni huo mmoja tu.

"Nitajuaje?"

Nyuma yake kwenye rafu yalikuwepo madaftari yote, yamepangwa kwa miaka, na wote wawili tukawa tunaepuka kuyatazama. Alipozungumza tena ilikuwa kuniambia kwamba Jumamosi tutakwenda kwa Taratibu pamoja. Nikasema sawa. Wiki nzima nilikuwa nikipanga maneno huku nafungua nati za watu. Nilikuwa nayo tayari, mafupi, ya kiume. Mzee, niliongopa, nisamehe.

Tulifika mchana. Teksi ya zamani ilikuwa imeegeshwa kando ya nyumba, matairi yamelala, namba arobaini na moja bado mlangoni, imefifia. Taratibu alitupokea kwa furaha iliyonimaliza nguvu. Aliupapasa mkono wa Dada kabla ya kuushika, maana kuona kwake sasa kulikuwa kwa kuotea. Karani leo kwangu, akasema, leo hapa pamebarikiwa. Mkewe akaleta chai. Tukaulizana afya, watoto, kazi. Dada akauliza habari za binti yake na mkwe, na hapo mkewe akainuka kwenda jikoni.

Taratibu akasema binti huja, lakini huja peke yake. Yeye na mkwe hawasemezani tangu mwaka ule. Kwenye kubadilishana usukani kijana alizima gari, akahangaika kuliwasha, wakapoteza sekunde ishirini na kitu, na wao walishindwa kwa sekunde kumi na nne. Taratibu alimwambia maneno mazito mbele ya mafundi, kwamba amemzikia ndoto yake ya mwisho kwa mguu mzito wa klachi. Kijana aliondoka uwanjani kwa miguu. Taratibu alikuwa akijua alikosea kusema vile, akaeleza, lakini kila akifikiri kumpigia, sekunde zile zinamrudia.

Dada akaweka kikombe chini. Huo ndio ulikuwa wakati wangu, na maneno yangu yote mafupi ya kiume yalikuwa yameyeyuka. Mbele yangu kulikuwa na dirisha lenye pazia la maua, nikaanza kuangalia maua yale, moja baada ya jingine. Taratibu akauliza kama Karani anajisikia vibaya.

"Sijambo, mzee," akasema Dada. "Mwaka ule nilikosea. Niliandika mzunguko ambao haukuwepo. Gari lako lilishinda, na lilishinda kwa mbali. Zile sekunde ishirini hazikuwa na uzito wowote."

Taratibu akawa anasugua magoti. Alikuwa wa kwanza kukumbuka kwamba nami nipo.

"Na wewe, Fundi, ndiye uliyekuwa ukitaja. Siku ile ulimtajia nini?"

"Siku nyingi, mzee," nikasema. "Sikumbuki vizuri."

Nilijisikia nikiyasema maneno hayo. Hakuna aliyenisukuma. Dada hakunigeukia hata kidogo. Taratibu akamwambia Dada kwamba katika watu wote wa uwanja ule, yeye ndiye aliyekuwa akimwamini kuliko mashine, na kwamba angesema hayo mtu mwingine asingeyasadiki. Hakupandisha sauti. Akatushukuru kwa kuja. Akaomba tumwache, kuna simu anataka kupiga, akamwita mkewe aje amtafutie namba.

Nje, Dada alitembea mbele yangu mpaka kwenye geti. Nilimfikia nikamwuliza kwa nini amejitwika kosa ambalo si lake.

"Sikujitwika," akasema. "Nilipoweka kikombe nilikusubiri. Nilisubiri mpaka mzee wa watu akadhani naumwa."

Nikamwambia narudi sasa hivi, naingia, nayasema yote.

"Rudi basi," akasema, na hakuningoja.

Nikarudi kweli. Nilitembea haraka ili nisipate nafasi ya kufikiri. Mlango ulikuwa wazi nusu, na sauti ya Taratibu ilisikika tangu barazani, ikiongea kwa nguvu kama wanavyoongea wazee kwenye simu.

"Si wewe, mwanangu," alikuwa akisema. "Wala usikate, nisikilize kwanza. Si wewe. Ni Karani, kakosea kuandika, kaja mwenyewe kuniambia. Ni Karani. Nisamehe mimi."

Kisha akanyamaza akisikiliza, na mkewe akaanza kulia kimya kimya. Mguu wangu mmoja ulikuwa kizingitini. Nilijiambia kwamba mtu mwenye adabu haingilii mazungumzo kama hayo, kwamba wanapatana, kwamba kuwachanganya sasa itakuwa dhambi nyingine. Niliona sababu hizo ni nzuri sana. Nikaurudisha mguu, nikaenda zangu.

Dada haji tena uwanjani. Mwaka jana nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye kona ile ile, na mbio zilikuwa tamu kupita zote nilizowahi kuona. Taratibu na mkwe wake walikuwepo, wamekaa pamoja, kijana akimsimulia mzee kila gari linalopita. Watu walikuja kukaa karibu nami, wakaniuliza Karani yuko wapi, na mmoja akawajibu wenzake kwamba yule mama aliharibu matokeo siku moja, ndiyo maana ameona haya kurudi. Wakasema ni bahati mbaya, alikuwa hodari. Nikasema ndiyo, alikuwa hodari, nikaendelea kutazama magari.